Maji Yenye Kelele na Maji Yenye Kimya

Watu wa pwani wana majina mengi ya vyombo vya majini: jahazi, mashua, dau, ngalawa, mtumbwi, hori. Kayaki haimo katika hesabu hiyo, maana asili yake si kwetu. Ilitoka katika nchi za baridi kali za upande wa kaskazini ya dunia, yaani Greenland na pande za kaskazini ya Kanada, wakaapo Wainuit. Nchi zile hazina miti mikubwa ya kuchonga mtumbwi. Basi wazee wao waliokota magogo yaletwayo na bahari, na mifupa ya nyangumi, wakaifanya kuwa mbavu za chombo. Kisha wakazifunika kwa ngozi za sili, mnyama wa baharini, zilizoshonwa vizuri hata maji yasipite.

Chombo hicho ni chembamba, tena ni chepesi hata mtu mmoja aweza kukichukua begani. Kimefunikwa juu kama ngoma, ila kuna tundu moja katikati, na humo ndimo aketimo mwenyewe, miguu ameinyosha mbele. Hushika kafi moja yenye bapa mbili, huku na huku; hupiga kushoto, hupiga kulia, na chombo huteleza pasipo kishindo. Kiunoni mwake hufunga kipande cha ngozi ambacho ncha zake hubana ukingo wa tundu, hata wimbi likimpanda maji hayaingii ndani. Kwa kweli mtu haipandi kayaki, huivaa.

Mtu asikiaye habari hizi kwa mara ya kwanza huuliza, Je, kayaki ikipinduka? Mwenyewe atakuwa kichwa chini na miguu imefungwa ndani! Wainuit walikuwa na jawabu lao. Bahari yao ni baridi sana, na mtu akianguka ndani yake hufa upesi. Kwa hiyo walijifunza kuinuka pasipo kutoka chomboni. Aliyepinduliwa hulilaza kafi lake karibu na uso wa maji, hulivuta kwa nguvu, huku akizigeuza nyonga zake, na chombo hugeuka naye akaja juu akitweta. Vijana wao walifundishwa ufundi huu kabla ya kwenda kuwinda, kama vijana wa pwani wanavyofundishwa kutweka na kutua tanga.

Siku hizi kayaki nyingi hufanywa kwa plastiki ngumu, wala si wawindaji tu wazitumiao. Watu huzitumia kushuka mito yenye maporomoko, wengine kwa mchezo, wengine kwa kuipeleleza mito isiyopitika kwa chombo kingine. Mahali palipopata sifa sana katika Afrika ni karibu na Jinja, katika Uganda, pale mto Nile utokapo katika Ziwa Viktoria. Maporomoko mengine ya pale hayaonekani tena: yale ya Ripon yalimezwa na maji bwawa la Owen lilipokamilika mwaka 1954, na yale ya Bujagali yakafunikwa na bwawa jingine mwaka 2011. Walakini mengine yamebaki, na ngurumo yake yasikiwa kabla ya kuonekana.

Ngurumo hiyo ndiyo imtishayo mgeni, wala haimtishi bure. Maji yakipita juu ya mwamba mkubwa huanguka kwa nguvu nyuma yake, yakaacha pengo; na maji ya mbele hurudi nyuma kulijaza lile pengo. Basi huwa mzunguko usiokoma, maji yakienda chini na kurudi juu, mahali pamoja, usiku na mchana. Kayaki ikiingia humo hushikwa, hugeuzwa mara nyingi, na mtu aliyetoka chomboni aweza kuvutwa chini, kuletwa juu, na kuvutwa chini tena. Hatari ya pili ni mti ulioanguka mtoni. Maji hupita kati ya matawi yake kama tui lipitavyo katika kifumbu, lakini mtu hapiti. Mkondo humsukuma na kumbana pale pale. Hatari ya tatu yaonekana ndogo, nayo imeua watu wengi: mtu ajaribuye kusimama katika mkondo wa haraka, mguu wake ukanaswa kati ya mawe mawili. Mkondo humlaza kifudifudi, na ijapokuwa kina hakipiti kiuno chake, hawezi kuinua kichwa. Kwa sababu hiyo waalimu wa mchezo huu huwakataza wanafunzi wao kusimama. Aliyetupwa nje na aelee chali, miguu ikitangulia, mpaka afike penye maji matulivu.

Maji matulivu! Baada ya kupigwa na mawimbi mpiga kafi huyatamani kama msafiri wa jangwani atamanivyo kivuli. Nyuma ya kila mwamba mkubwa, na kila mahali mto upindapo, pana maji yasiyokwenda, au yanayozunguka polepole, na hapo ndipo hupumzika, hutoa maji chomboni mwake, na kuwangoja wenzake. Katika mito ya Ulaya na ya Marekani kaskazini kanuni hii ni njema. Lakini katika mito ya Afrika maji yale yana mwenyewe. Mamba hakai penye maporomoko, maana hapo hawezi kuvizia, na kupigana na mkondo humchosha bure. Hukaa penye kimya. Basi mtu ashukaye mto wa kwetu kwa kayaki ana mambo mawili ya kuogopa, na kila akikimbia moja hulikaribia la pili.

Hayo aliyajua sana Hendri Coetzee, mtu wa Afrika Kusini aliyefanya makao yake Jinja na kuwaongoza wasafiri mtoni. Mwaka 2004 yeye na wenzake waliufuata mto Nile tangu Ziwa Viktoria mpaka bahari ya Mediterania, wakapita Uganda na Sudan (ambayo wakati ule ilikuwa nchi moja bado) na Misri, safari iliyopita miezi minne. Sehemu moja ya safari ile, kabla ya kufika maporomoko ya Murchison, mto umejaa viboko na mamba kuliko mahali pengi ulimwenguni. Walipita salama. Kwa hiyo asidhani mtu ya kwamba habari nitakayoisimulia ni habari ya mgeni asiyejua alipokwenda.

Mwishoni mwa mwaka 2010 Coetzee alitoka tena, naye alikuwa na umri wa miaka 35. Alifuatana na Wamarekani wawili, mafundi wa kayaki waliokwisha kushuka mito mingi ya nchi mbalimbali. Baada ya kupita katika mito ya Uganda walikwenda Kongo, wakafika mto Lukuga.

Yafaa tusimame kidogo katika habari za mto huu, maana ni mto wa ajabu, tena umewasumbua wenye elimu. Ziwa Tanganyika ni refu kadiri ya kilomita 670, na katika maziwa yote ya dunia ni moja tu lililo na kina kupita yeye. Mito mingi huingia humo, kama Malagarasi itokayo upande wa Tanzania, na Ruzizi itokayo Ziwa Kivu. Lakini yatoka wapi maji hayo? Mwaka 1874 Cameron, Mwingereza, alifika mahali katika ufuo wa magharibi akasema, Hapa ndipo maji yatokapo. Stanley alifika mwaka 1876, akaona matete na mafunjo na tope limeuziba mlango, na maji hayaendi sawasawa. Tena aliona jambo jingine: huko Ujiji, mitende ya sokoni aliyoiona mwaka 1871 ikisimama katika nchi kavu, sasa ilikuwa imezungukwa na maji. Ziwa lilikuwa likijaa. Halafu ile boma ya tope na mafunjo ikavunjika. Mwaka 1879 Hore, nahodha wa misioni ya London iliyokuwa Ujiji, alivuka ziwa akaona maji yakitoka kwa nguvu nyingi kuelekea magharibi. Na Thomson, aliyefika mwaka ule ule, akayaona vilevile. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka karibu mita 10. Mto ule ndio Lukuga. Hutoka ziwani penye mji wa Kalemie, ambao zamani za Wabelgiji uliitwa Albertville, hupita katika nchi ya vilima kadiri ya kilomita 320, kisha huingia katika Lualaba, ambayo ndiyo Kongo yenyewe. Watu wa Kalemie husema Kiswahili, na msomaji akipata kufika huko hatahitaji mkalimani.

Coetzee na wenzake waliingia katika mto huo. Walijua kwamba mamba wamo. Walikwenda karibu karibu, kayaki tatu pamoja, maana wapiga kafi wengi huamini ya kuwa vyombo vilivyoshikana huonekana kwa mamba kuwa kitu kimoja kikubwa, naye huogopa kukishambulia. Kanuni hiyo ina akili ndani yake. Mamba huchagua mnyama aliyejitenga na kundi, kama afanyavyo simba. Lakini ni kanuni iliyotungwa na watu, nayo mamba hakuulizwa.

Tarehe 7 Desemba 2010 walikuwa wakienda hivyo, tena mahali pale hapakuwa na maporomoko ya kuwashughulisha. Mamba mkubwa alitokea majini kwa nyuma, pasipo kuonekana kwanza, wala macho yake, wala mkunjo wa maji. Hakugusa chombo. Alimkamata Coetzee begani, akampindua pamoja na kayaki yake, naye akaenda chini. Wale wawili walikuwa karibu naye kadiri ya urefu wa kafi au mbili, na mmoja alikuwa karibu zaidi. Wakaona yote, wala hawakuweza kufanya neno lo lote. Yule mtu aliyejua kuinuka kila apindukapo hakuinuka. Baada ya kitambo ile kayaki ilizuka juu, nayo ilikuwa tupu.

Fikiri wewe ungalifanya nini. Kungoja pale ni kumngoja mamba arudi, au mamba wa pili. Kuondoka ni kumwacha rafiki. Wakaondoka, wakapiga kafi mpaka wakafika kwenye watu, wakasaidiwa kutoka katika nchi ile. Mwili wa Coetzee haukupatikana. Sioni kwamba wapasa kulaumiwa, maana hawakuwa na silaha wala chombo cha kupigania, na katika maji yale ya rangi ya tope hapana aonaye kilicho chini ya mkono wake.

Sasa tuulize jinsi mnyama mzito hivi, ambaye dume lake hupata mita 4 au hata 5, na uzito wa watu saba au wanane, awezavyo kumjia mtu pasipo kuonekana na watu watatu wenye macho makali. Jawabu lipo katika umbo lake. Macho ya mamba, na masikio, na matundu ya pua, yote yamewekwa juu kabisa ya kichwa, katika mstari mmoja. Kwa hiyo aweza kuona na kusikia na kupumua huku mwili wake wote umezama, na kilichobaki juu ni kama vifundo viwili vitatu vya gogo. Akitaka kuzama kabisa, matundu ya pua hujifunga, na jicho hufunikwa kwa utando mwembamba uonyao nuru, kama mtu aliyevaa miwani. Mapigo ya moyo wake hupungua sana, na kwa njia hiyo pumzi moja humtosha muda mrefu. Akitulia pasipo kusumbuliwa aweza kukaa chini hata saa nzima.

Tena hahitaji kuona. Ukimtazama mamba wa karibu (nami nakushauri umtazame penye kizimba cha chuma) utaona taya zake zina vidoa vidogo vidogo, kama vilivyotobolewa kwa sindano. Zamani watu walidhani ni madoa tu. Wataalamu wamegundua ya kuwa kila kidoa ni mahali pa kusikia mguso wa maji. Kitu kikianguka mtoni, viwimbi huenea, navyo vikifika katika vile vidoa mamba hujua upande kitu kilipo, hata usiku wa giza. Basi kafi lipigalo maji kushoto na kulia, kushoto na kulia, ni kama mtu abishaye mlangoni.

Nguvu za taya zake nazo ni jambo la kustaajabisha, lakini ziko upande mmoja tu. Misuli ya kufunga kinywa ni mikubwa mno, na ile ya kufunua ni midogo, hata mamba mkubwa hufungwa kinywa kwa kamba au kwa utepe wa kawaida, na mdogo hushikwa kwa mikono ya mtu hodari. Meno yake ni ya kushika, si ya kukata. Fisi hukata, simba hupasua, bali mamba hawezi kutafuna. Kwa hiyo amshikapo mnyama hujiviringisha majini mara kwa mara, kama mtu akamuaye nguo, na kwa kufanya hivyo humlevya na kumzamisha na kumvunja. Kooni mwake ana kifuniko cha nyama kizuiacho maji, hata aweza kushika kitu kwa kinywa kilicho wazi chini ya maji asisongwe na maji. Mtu hana kifuniko hicho. Wengi walioshikwa na mamba hawakufa kwa meno, walikufa maji.

Ikiwa hivyo, je, yuko aliyepona? Wapo, na habari ya mmoja imeandikwa na mwenyewe, mwanamke mwenye elimu wa Australia, jina lake Val Plumwood. Katika Februari ya mwaka 1985 alikwenda peke yake kwa mtumbwi mdogo katika mbuga ya Kakadu, kaskazini ya nchi ile. Ulikuwa wakati wa mvua. Jana yake alikuwa amekwenda salama, akafurahia maua na ndege; siku ya pili alitaka kutafuta picha za kale zilizochorwa miambani na wenyeji. Mvua ikanyesha, njia ikampotea, akaingia katika mkono wa mto mwenyewe. Aliporudi aliona kitu kama kijiti kikielea mbele yake, na alipokaribia akaona kina macho. Alijaribu kupita mbali naye. Mamba akamfuata, akaupiga mtumbwi, akaupiga tena na tena. Mamba wa huko ni wa kabila jingine, apendaye pia maji ya chumvi, naye ni mkubwa kupita wa kwetu.

Aliona ya kuwa mtumbwi hautavumilia, akauelekeza penye mti uliotoa matawi yake majini, akaruka. Kabla hajashika tawi sawasawa mamba aliruka naye, akamkamata kwa mapaja, akamvuta chini na kumviringisha. Mwenyewe alidhani amekwisha kufa. Lakini mamba akatulia, na kichwa cha yule mwanamke kikatoka juu akapata kuvuta pumzi. Akaviringishwa mara ya pili. Mamba akamwachia, labda apate kumshika vizuri zaidi. Naye akaruka tena kwenye tawi, akakamatwa tena, akaviringishwa mara ya tatu. Alipoachiwa tena hakuurudia mti. Akaukabili ukingo wa tope, uliokuwa mwinamo mkali na utelezi, akateleza akarudi chini, akajaribu tena, na safari hii alichoma vidole vyake katika tope kama misumari, akajivuta hivyo mpaka juu.

Paja lake lilikuwa limeraruliwa vibaya. Alirarua nguo zake akafunga jeraha kuzuia damu, akatembea, na aliposhindwa kutembea akatambaa, mvua ikimnyeshea, mpaka akafika karibu na maji mengine asiyoweza kuyavuka. Pale alilala. Usiku askari mmoja wa mbuga, aliyeona kwamba mtumbwi haujarudi, alitoka kumtafuta, akasikia sauti yake kwa mbali. Alikaa hospitali muda mrefu, maana kinywa cha mamba kina uchafu mwingi, na jeraha lake huoza upesi lisipotiwa dawa. Askari wengine walitaka kurudi kumpiga mamba risasi. Plumwood akawakataza, akisema ya kuwa yeye ndiye aliyeingia katika makao ya mamba, tena hapana awezaye kumtambua mamba yule kati ya wengine. Aliishi miaka mingine 23, akafundisha na kuandika vitabu, akafa mwaka 2008, wala si kwa mamba.

Tukizilinganisha habari hizi mbili twaona tofauti. Coetzee alishikwa katikati ya mto, wala hapakuwa na mti wala ukingo wa kushika. Tena alishikwa sehemu za juu, karibu na kichwa, akapinduliwa mara moja. Plumwood alishikwa sehemu za chini, kando ya mto, akapata kupumua. Ushujaa haukupungua kwa huyu wala kuzidi kwa yule. Waliopona mahali pengine husema walimchoma mamba vidole machoni, naye akaachia. Jambo hilo laweza kufaa, lakini ni lazima mikono iwe huru na macho yafikiwe, na mara nyingi haiwi hivyo.

Katika ziwa lile lile litoalo Lukuga, upande wa kaskazini, Warundi husimulia habari za mamba mmoja mkubwa kupita wote, akaaye penye mlango wa Ruzizi, aliyepewa jina la Gustave. Wengine humhesabia watu mamia aliowaua. Hesabu hizo hazina ushahidi, nami naona kwamba mamba huyo amebebeshwa dhambi za mamba wengine wengi. Jambo la kweli ni hili, kwamba walio katika hatari kubwa si wapiga kayaki, ambao ni wachache na huja kwa hiari yao. Ni wavuvi wasimamao majini wakivuta nyavu, na wanawake na watoto waendao kuchota maji kila siku, mahali pale pale, saa ile ile. Mamba huweza kujifunza. Akimwona mtu leo, na kesho, na keshokutwa, mahali pamoja, siku ya nne yeye yupo.

Kwa hiyo watu wa mitoni wana desturi zao, na nyingi ni za hekima. Huchota maji kwa kata yenye mpini mrefu wakisimama mbali na ukingo. Hawafui wala hawasafishi samaki penye mlango wa kuchotea, maana damu na matumbo ya samaki huwaita mamba. Hawaendi mtoni jioni giza likiingia, wala hawaachi mtoto akae peke yake ukingoni. Siku za joto, mvua zikikaribia, huzidisha uangalifu, kwa kuwa mamba hula zaidi wakati huo, na majike huyalinda mayai yao waliyoyafukia mchangani, ambayo hukaa karibu miezi mitatu kabla ya kuanguliwa.

Na mahali pengine katika Zambezi na mito mingine hujenga ua majini. Hukata miti migumu, huichoma chini kabisa ya mto, mmoja karibu na mwenzake hata kichwa cha mamba kisipite, wakafanya nusu duara kutoka ukingo mpaka ukingo. Na ndani yake watu huchota na kuoga. Siku hizi nyua nyingine hufanywa kwa vyuma na nyavu za waya. Ua wa miti hudumu vizuri sehemu zile zilizo chini ya maji sikuzote. Penye mstari wa maji, yapandapo na kushuka, ndipo miti huoza kwanza. Mto ukijaa hupita juu ya ua, na mamba aweza kuingia ndani kwa juu, kisha maji yakipungua akafungiwa humo. Basi kila baada ya mafuriko wanaume huutikisa mti mmoja mmoja na kuchokoa ndani kwa mlingoti mrefu, kabla ya mtu ye yote kuingia na mtungi wake.